Mpanda Nzima Ilisema Nikubali

"Burundi? Jose, nani anaenda kutalii Burundi?"

Benedikto alicheka mpaka mteja aliyekuwa anachagua kava la simu akageuka. Tulikuwa dukani kwake, jirani na stendi ya Mpanda, harusi yetu imeshatangazwa kanisani. Alikuwa amenifungulia picha za Dubai: maghorofa, ngamia, bwawa la kuogelea.

"Mimi naenda," nikamjibu. "Na wewe unaenda."

"Jose, watu wanaenda mahali pa kuonekana! Nina wafuasi mimi. Nikawaonyeshe nini huko, migomba? Migomba si imejaa Kigoma?"

"Kuna Nyogokuru huko. Bibi yangu hawezi safari ya kuja harusini, miguu imekataa. Siingii kanisani kabla hajamwona mume wangu."

Akakuna kichwa.

"Basi tukasalimie Burundi, fungate Dubai."

"Tutaona."

Niwaambie ukweli, Beni nilimpenda. Mimi ni Joséline, fundi cherehani wa Makanyagio. Wazazi wangu walitoka Burundi, wanalima Kabungu, uraia wa Tanzania tunao, lakini Mpanda hii ukimkosea mtu kidogo tu anakuita mkimbizi. Siku moja, dukani kwa Beni, mteja aliniita hivyo mbele yake. Beni alimshika mkono, akamtoa nje na mzigo wake, akamwambia asirudi. Mwanaume wa namna hiyo utaachaje kumpenda?

Tukaondoka mimi, yeye na kaka yangu Fabrice, maana kwetu msichana hasafiri peke yake na mchumba. Njiani nikamfundisha.

"Beni, usimpige mtu picha kabla hujamwomba."

"Sawa."

"Na wataleta chungu cha impeke, pombe ya mtama. Chungu ni kimoja, kila mtu anapokea mrija kwa zamu yake. Wewe mlokole, hunywi, hakuna atakayekulazimisha. Pokea kwa mikono miwili, gusisha mdomoni, shukuru, mpe wa pembeni. Ila usiukatae. Kwa ukoo wetu, mchumba akikataa mrija mbele ya wazee, amemkataa na binti."

"Nimeelewa, mwalimu. Kwani mimi mshamba?"

Haya. Tukafika Makamba, kilimani kwa Nyogokuru. Majirani wamejaa uani, mikeka imetandikwa. Bibi yangu amekonda, mikono inamtetemeka, lakini alikataa kusaidiwa. Chungu kikaletwa, akanyonya kwanza yeye, kisha akamnyooshea Beni mrija.

Beni akatoa simu.

"Oyaa wanangu, cheki huku! Watu kama ishirini, mate yao chungu kimoja! Kipindupindu cha bure hiki!"

Akachomoa tishu, akaufuta mrija huku anaurekodi, akaurudisha chunguni bila kuugusisha mdomoni. Akacheka peke yake.

"Beni, zima," nikasema.

"Aah, kwani wanaelewa Kiswahili hawa?"

Mzee mmoja akakohoa.

"Kijana, mimi nimelima Katumba huko kwenu kabla mama yako hajazaliwa. Nusu ya hawa unaowaona wamesomea Tanzania. Tunaelewa."

Nilitamani ardhi inimeze. Nyogokuru akauchukua mrija, akauweka mapajani, akautazama.

Nikainuka nikamnyang'anya Beni simu.

"Jose, umechanganyikiwa? Nimelipa nauli kuja huku! Mimi ni mtalii, nina haki ya kupiga picha!"

"Mtalii ni mgeni mwenye nauli. Bado ni mgeni, Beni! Unaingia kwa watu, unakaa mkeka wao, halafu unawacheka usoni?"

"Utani tu!"

"Umemtania nani? Mbona aliyecheka ni wewe tu?"

Kesho yake nikamrudishia simu, tukarudi. Njia nzima Fabrice alikaa katikati yetu, na hakuna aliyemwomba ahame.

Tulipofika Mpanda haikupita hata siku, meseji ya Beni ikaingia:

"Video nimefuta. Na wewe nimekusamehe kwa kuninyang'anya simu mbele za watu. Tuendelee na mipango ya Dubai, baby."

Amenisamehe! Nikaisoma mara mbili nikidhani macho yangu mabovu. Nikamjibu:

"Mimi siombwi msamaha. Kaombe ulikotukana. Kabla ya hapo hakuna harusi."

Akapiga.

"Nirudi Burundi kwa sababu ya mrija?"

"Ndio."

"Jose, ni mrija tu!"

"Ungekuwa mrija tu ungeupokea."

Nikakata. Jioni mama yake akaja kibandani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Binti, mwanaume mtafutaji haachwi kwa vitu vidogo. Tena nyie watu wa kuja mnatakiwa..."

"Malizia, mama. Tunatakiwa nini?"

Akachukua mkoba wake akaondoka, nami nikaendelea kushona.

Baada ya wiki kadhaa nikasikia Beni amesafiri na rafiki yake Yotham. Kabla sijauliza wameenda wapi, video ikatua. Mpanda nzima iliiona. Beni amepiga magoti mbele ya Nyogokuru, kapokea mrija kwa mikono miwili, kaugusisha mdomoni, machozi yanamchuruzika, muziki wa huzuni kwa chini. Maandishi yanasema: "Mwanaume ni kujishusha. Kama imekugusa, sambaza."

Jamani! Wateja walikuja kibandani bila nguo ya kushona.

"Jose, huyo ndo mume! Ukimwacha nipe mimi!"

Mama yangu akapiga kutoka Kabungu, analia kwa furaha.

"Mwanangu, ameenda mpaka kule! Unataka nini tena? Ukikataa sasa watu watasemaje?"

Hata mimi nililia, msinicheke. Niliitazama ile video mpaka chaji ikaisha. Nikasema moyoni, Beni wangu amerudi, yule aliyemtoa mtu dukani kwa ajili yangu. Nikalitoa gauni langu la harusi sandukuni nikaanza kumalizia pindo.

Hapo ndipo Nyogokuru akapiga, kwa simu ya binamu yangu Helena.

"Mjukuu wangu, mchumba wako alikuja."

"Nimeona, Nyogokuru! Nimeiona video."

"Umeona ya ngapi?"

"Ya ngapi vipi?"

"Alipiga magoti mara tatu. Ya kwanza, yule mwenzake mwenye simu akasema jua linampiga vibaya. Tukahama, tukakaa upande wa migomba. Ya pili, kuku akapita katikati, wakasema ameharibu. Ya tatu ndo wakafurahi. Sasa mimi nimeishi Tanzania miaka mingi, msamaha wa mara tatu sikuukuta. Ni desturi mpya?"

Sindano ikanichoma kidole. Sikusikia maumivu.

"Alikuomba ruhusa ya kukupiga picha?"

"Hapana. Aliniambia nisitazame simu, nimtazame yeye. Nami nikamtazama."

"Na machozi?"

"Ile ya tatu. Zile mbili alikuwa mkavu."

"Ulimsamehe, Nyogokuru?"

"Mimi nilimsamehe ile ya kwanza, mwanangu. Mbili zilizobaki sijui zilikuwa za nani."

Nikaichomeka sindano kwenye pindo.

"Usimwache kwa ajili yangu," akasema. "Mimi nimezeeka, ya kwangu yamekwisha. Wewe ndo utaishi naye."

"Naelewa."

"Haya. Mungu akulinde."

Nikalikunja gauni.

Beni alipokanyaga Mpanda, duka lilijaa watu wa kumpongeza. Nilipoingia, wakapiga vigelegele, wakanipisha njia. Yeye akafungua mikono.

"Mke wangu! Umeona nilivyojishusha?"

"Nimeona. Na zile mbili zilizoharibika ziko wapi?"

Mikono ikashuka.

"Nani kakwambia?"

"Uliyempigia magoti."

"Jose, nilienda au sikwenda? Nilitaka watu wajifunze heshima!"

"Ulimhamisha bibi mgonjwa wa miguu akakae kwenye mwanga mzuri. Heshima gani hiyo?"

"Watu laki mbili wamenielewa, wewe tu ndo huelewi! Mpanda nzima inasema nikuoe!"

"Basi oa Mpanda nzima."

Kwenye kona nikamwona Yotham kainua simu, ananirekodi. Beni akamwashiria aishushe.

"Muache," nikasema. "Yotham, sogea karibu, rekodi vizuri. Mwanga uko sawa? Maana mimi nasema mara moja tu."

Nikamgeukia Beni.

"Benedikto, nimekusamehe. Na siolewi na wewe."

Nikavua pete nikaiweka juu ya kioo cha kabati la simu. Mteja mmoja akataka kuniambia kitu, nikampita, nikaenda kufungua kibanda changu.