Mama Pacha na Kamera Nzito

Bomba la uani lilikohoa kwanza. Kisha likatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mama Pacha alitandaza kitambaa cheupe juu ya ndoo, akayaacha maji yapite taratibu. Kitambaa kilibaki na tope laini kama unga.

"Tunaoga matope sasa," alisema mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa mlangoni akiwasuka pacha nywele. "Hawa watu wa maji wanangoja nini?"

"Wananingoja mimi, mama."

Hakuwa anatania. Mama Pacha alikuwa mzamiaji wa idara ya maji. Maji ya mji wao yalitoka ziwani, kwa bomba kubwa lililolala chini kabisa kwenye tope. Bomba hilo lilikuwa na ufa mahali fulani, na ufa ulikuwa unavuta tope. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuzama na kamera na kulipiga video bomba lote, ili mafundi wajue mahali pa kuziba.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alifanyia kazi kwenye chumba cha mbele. Aliinua mguu kwenye pedeli, akauliza, "Picha za jana je?"

"Moshi mtupu."

"Chini ya maji kuna moshi?"

"Tope, Baba Pacha. Kamera ni nzito. Inaangalia chini kama mtu mwenye aibu. Nikisogea kidogo tu, pua yake inagonga tope, tope linapanda, sioni hata vidole vyangu. Na huu mkono!"

Alimwonyesha kifundo cha mkono. Kilikuwa kimevimba.

Kamera yenyewe ilikaa ndani ya kasha la chuma lisiloingiza maji. Mbele kulikuwa na kioo kinene. Juu kulikuwa na mikono miwili ya chuma, na kila mkono ulibeba taa kubwa. Nchi kavu, ilibebwa kwa mikono miwili na kwa kuguna.

"Sasa inakuwaje haikuzamishi?" aliuliza mumewe.

"Naongeza hewa kwenye jaketi langu. Si unajua, lile jaketi ninalojaza hewa kutoka kwenye mtungi wa mgongoni? Ukiongeza hewa unapanda, ukipunguza unashuka. Basi naongeza kidogo, linatubeba wote wawili."

Baba Pacha alitikisa kichwa kukubali. Ilionekana ni akili. Mama Pacha mwenyewe aliona ni akili.

Aliondoka haraka. Mhandisi wa idara alikuwa amesema wazi: ufa usipopatikana mwezi huo, bomba litafungwa na kufukuliwa lote. Mji mzima ungekaa miezi kadhaa ukinywa maji ya kuletwa na malori.

Alizama na mwenzake, mwanamume waliyemwita Mrefu. Wazamiaji hawaendi peke yao. Walifuata bomba, Mrefu nyuma, Mama Pacha mbele, kamera ikimvuta chini na jaketi lililojaa hewa likimvuta juu. Alikuwa kama nguo inayogombaniwa na watu wawili.

Mkono wake uliokuwa umevimba ukafa ganzi. Vidole vikafunguka. Kamera ikaponyoka, ikazama kwenye tope.

Papo hapo Mama Pacha akaanza kupanda. Hakupiga hata mguu. Alipaa kama kizibo cha chupa. Alikumbuka jambo moja alilofundishwa: usibane pumzi unapopanda. Akafungua koo, akatoa pumzi, akaendelea kutoa. Mkono wake ulitafuta kitufe cha kutoa hewa kwenye jaketi. Wakati huohuo akasikia kitu kimemshika pezi la mpira alilovaa mguuni. Alikuwa Mrefu, amemng'ang'ania kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke.

Walifika juu pamoja, polepole. Mama Pacha aliegemea mashua, akatapika maji.

"Uko sawa?" Mrefu aliuliza.

"Niko hai."

"Sikukuuliza hilo."

Mrefu alirudi chini na mzamiaji mwingine, wakaitoa kamera kwenye tope na kuipeleka nyumbani kwa Mama Pacha. Mama Pacha alipelekwa kwa daktari. Daktari alimsikiliza mapafu, akamtazama masikio, akasema amenusurika. Asizame mpaka atakapomruhusu.

Nyumbani hapakukalika.

"Kazi gani hii, mtu kuzama kwa makusudi?" alifoka mama mkwe. "Wenzako wakizama wanaombewa, wewe unalipwa! Nina wajukuu wawili hapa. Nani atawalea?"

"Mama, mji hauna maji."

"Na mji utakuwa na mama wa hawa watoto?"

Mama Pacha aliwakumbatia wanawe.

Baba Pacha naye akiwa na hofu, mikono yake hutafuta kazi. Alikusanya kandambili zote kuukuu za nyumbani, akazikata vipande, akazifunga kwenye mikono ya kamera kwa kamba. Kisha akaitumbukiza kamera kwenye pipa la maji lililokuwa uani. Ikaelea!

"Njoo uone!" aliita. "Haizami tena!"

Pacha walipiga makofi. Hata mama mkwe alichungulia, ingawa alijifanya anatafuta ungo.

Siku chache baadaye daktari alimruhusu Mama Pacha. Alishuka na kamera iliyovaa kandambili. Juu ya maji ilikuwa nyepesi mno, ikabidi aivute chini kama mtoto asiyetaka kwenda kuoga. Lakini kadiri alivyoshuka, ndivyo ilivyozidi kuwa nzito. Alipokaribia bomba, pua ilikuwa imeinama tena kwenye tope. Safari hii hakuongeza hewa. Alimwashiria Mrefu, wakapanda.

Akiwa bado na kamera, alirudisha mtungi wake mahali unapojazwa hewa. Mwanamke aliyejaza mitungi aliitwa Mama Mitungi. Nyumba yake ilitazamana na ya Mama Pacha. Zamani na yeye alipiga video chini ya maji, kwa miaka mingi, mpaka sikio lake moja likagoma. Alikuwa amekwenda kumwuguza dada yake mji mwingine, na ndiyo kwanza amerudi.

Aliitazama kamera, akashika ukuta kwa kicheko.

"Mdogo wangu, mbona kamera imevaa viatu?"

Mama Pacha alijaribu kucheka. Badala yake machozi yakamtoka. Akaeleza yote: tope, mkono, jaketi, kule kupaa, maneno ya mama mkwe. Mama Mitungi aliacha kucheka. Akazima mashine ya hewa ili asikie vizuri kwa sikio lake zima.

"Kwenye jaketi ulitia hewa ya nani?"

"Yangu. Na ya kamera."

"Hapo ndipo penye hatari. Hewa ya jaketi ni yako peke yako. Ukiibebea kamera, siku kamera ikikutoka mkononi, ile hewa yake inabaki kwako. Inakupandisha bila kukuuliza. Na ukibana pumzi njiani, mapafu yanaweza kupasuka. Kamera lazima ijibebe yenyewe."

"Ndiyo maana mume wangu akaifunga hizi kandambili."

"Wazo la shemeji si baya hata kidogo. Kosa ni kandambili. Mwite."

Baba Pacha alifika na futi ya kitambaa shingoni. Mama Mitungi alichukua kipande cha kandambili, akakibana kwa vidole.

"Humu ndani mna vijishimo vya hewa. Hivyo ndivyo vinavyokifanya kielee. Lakini ukishuka, maji yanakibana pande zote. Vijishimo vinasinyaa, na nguvu ya kuinua inapungua. Juu kinakusaidia, chini kinakuacha."

"Kama sponji ya bega la koti ukiikandamiza kwa pasi," alisema Baba Pacha.

"Haswa! Tunataka kitu kisichokandamizwa."

Akatoa gunia lenye maboya ya nyavu, madogo, ya plastiki ngumu, yenye tundu katikati. Yalitengenezwa kwa nyavu zinazotegwa kwenye kina kirefu. Hewa ilikuwa imefungiwa ndani, na maji ya kina kile hayakuweza kuyabonyeza.

"Tunafunga mangapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Hatukisii. Tunapima."

Pembeni palikuwa na birika la zege lililojaa maji ya ziwa, ambamo Mama Mitungi alipozea mitungi iliyopata joto. Aliweka boriti juu ya birika, akaning'iniza mizani ya ndoano.

"Pima kamera kama unavyozama nayo," alisema. "Taa, betri, kila kitu. Na usipime nje. Nje ni nzito mno, kwa sababu hakuna kinachoishikilia. Maji husukuma juu kila kinachoingia ndani yake. Sisi tunataka kujua uzito unaobaki baada ya maji kusaidia."

Walizifungua kandambili, wakaishusha kamera mpaka ikazama yote.

"Tikisa kwanza. Kipovu kikijificha kwenye pembe kitakudanganya."

Mama Pacha aliitikisa. Vipovu vikatoka mbio. Mshale wa mizani ukatulia mbele kidogo ya kilo moja na nusu.

"Yaani huo ndio uliokuwa unanining'inia mkononi!"

"Kutwa nzima. Utashangaa vipi mkono ukivimba?"

Wakaanza kuvisha maboya kwenye mikono ya kamera. Boya moja, mshale ukapungua. La pili, ukapungua tena. Waliendelea mpaka mizani ikalegea na kamera ikaanza kupanda.

"Imezidi," alisema Mama Mitungi. "Toa moja."

Wakatoa. Kamera ikabaki katikati ya maji. Baba Pacha alitaka kushangilia, lakini polepole pua ikainama.

"Mbona bado inaangalia chini? Si uzito umekwisha?"

"Umekwisha, lakini hukuuliza ulikuwa umekaa wapi. Kioo cha mbele ni kinene. Mbele ndiko kuzito, na maboya umeyarundika nyuma. Yasogeze."

Mama Pacha aliyasogeza mbele, karibu na kioo. Yakazidi, kamera ikatazama juu. Akayarudisha nyuma kidogo. Akavuta taa moja. Akajaribu tena na tena, mikono ikiwa imekunjamana kwa maji. Hatimaye kamera ikatazama mbele kwa utulivu. Alipoiachia, ilishuka pole sana.

"Niongeze kiboya kidogo ili isishuke kabisa?"

"Hapana, iache hivyo. Iwe na uzito kidogo, kama wa yai. Ikikuponyoka, ishuke polepole uifuate. Ikiwa nyepesi itapaa juu, na wewe utashawishika kuikimbiza. Tena ifunge kwa kamba fupi kwenye jaketi lako. Na siku ukipelekwa baharini, pima upya. Maji ya chumvi yanainua zaidi."

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya Baba Pacha. Alishona mifuko imara ya turubai ili maboya yasiteleze kwenye mikono ya chuma. Akashona na kamba ya mkanda wa begi, yenye bizimu ya kufungua kwa kidole kimoja. Alirudia mshono mara tatu pale palipobeba uzito. Hakuna suti aliyowahi kuishona kwa makini namna ile.

Mama Pacha aliposhuka tena, alitia kwenye jaketi hewa ya kumtosha yeye tu. Kamera ilimfuata kama rafiki anayetembea pembeni. Aliishika kwa vidole bila kuminya. Alielea juu ya bomba, wala tope halikujua kama amepita mtu.

Maji yalikuwa maangavu. Aliona nati za bomba, kutu, samaki wadogo wakikwepa taa. Kwenye kiungo kimoja alisimama. Hakukuwa na ufa wowote ulioonekana kwa macho. Lakini chembe za tope zilikuwa zinatembea. Zilijipanga kama uzi mwembamba, zikaingia chini ya kiungo, zikapotea. Angekuwa ametibua maji, asingeziona kamwe.

Alitulia. Akairekodi ile safari ya tope bila mkono kutikisika.

Ofisini, mhandisi alitazama akiwa amesimama.

"Rudisha nyuma," alisema. Akatazama tena. Kisha akavuta kiti, akakaa. "Ni hapo. Hatufukui kitu."

Mafundi walikizungushia kiungo kile mkanda wa chuma wenye mpira ndani, wakaukaza. Maji ya mji yalibaki machafu siku mbili tatu, tope la zamani likiisha ndani ya mabomba. Kisha yakatoka meupe. Watu walijaza kila chombo, wengine hata sufuria za kukopa, kama vile hawakuamini.

Idara ilimwita Mama Pacha tena. Kulikuwa na bomba la pili, la mji wa jirani. Kabla ya kuitikia, alimshika mkono mama mkwe wake, akampeleka kwenye birika la Mama Mitungi.

"Unanileta kuona nini?" bibi aliuliza. "Mimi sizamii."

Mama Pacha aliitumbukiza kamera mpaka ikawa katikati ya maji. Kisha akaiachia.

"Shika!" alipiga kelele bibi, akainama na mikono yote miwili.

"Iache, mama. Haiendi mbali."

Bibi aliganda akiwa ameinama. Kamera ilikuwa pale, inashuka kidogo kidogo, haina haraka. Aliingiza kidole, akaisukuma. Ikasogea, ikatulia.

"Hii ndiyo ile iliyokutupa juu?"

"Ndiyo hii. Sasa inajibeba."

Bibi akaisukuma tena, safari hii akitabasamu kidogo. Halafu akafuta kidole chake kwenye kanga.

"Huko kwa jirani mnaondoka asubuhi?"

"Asubuhi, mama."

"Basi usiwaamshe watoto. Nitawaandaa mimi."