Bangili ya Njano

Asubuhi hiyo gati lilikuwa limefurika: mabegi, kofia za ukili, watoto waliopakwa mafuta ya jua mpaka wakang'aa, wachuuzi wa miwani wakishindana kupiga kelele. Katikati ya zogo hilo alisimama mwongozaji wa safari, mwanamke mwenye shati la buluu na nembo ya hoteli kifuani, akiwafunga wageni bangili za plastiki za njano. Mkono, bangili. Mkono, bangili. Nyuso hakuzitazama.

Ukaja mkono wenye kovu la kuungua karibu na kidole gumba. Mwongozaji akaacha kufunga. Kovu lile aliwahi kulipaka asali yeye mwenyewe, siku kijana mmoja alipokuwa anajifunza ufundi wa simu.

"Mbizi," sauti ikasema.

Jina hilo alipewa kwa kupiga mbizi; hakuwa ameitwa hivyo tangu ufukwe uzungushiwe ukuta.

"Chiriku," mwongozaji akajibu, kisha akarudisha sauti ya kazi. "Karibu sana, mgeni wetu. Usiivue mpaka jioni. Asiye nayo haingii ufukweni."

"Nimezaliwa nyuma ya ufukwe ule."

"Hata mimi. Anayefuata!"

Watu husahau upesi, na wenye kuta wanalijua hilo. Basi ikumbukwe: kisiwani kule walikokuwa wakielekea, watu waliambiwa wasogeze nyumba zao kidogo tu, bahari itabaki ya wote. Wakasogea. Tingatinga likaja. Wakaketi mbele yake, wake kwa waume, na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa fundi simu huyu. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Lakini ukuta wa hoteli ulipokwisha kujengwa, akasikia Mbizi, binti aliyempenda, ameonekana na shati la buluu. Hakuuliza. Alivuka kwenda mjini siku hiyo hiyo, akafungua kibanda chake cha simu, na kila aliyemtajia yule binti alimjibu, "Aliyevaa sare ya waliotufukuza si wangu."

Boti ikawafikisha pangoni. Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya popo na mawe mabichi, na dimbwi la maji ya kijani ambamo wageni walijitupa wakipiga mayowe. Mwongozaji akaanza maelezo aliyokaririshwa.

"Pango hili liligunduliwa na mmiliki wa hoteli..."

"Samahani, dada," Chiriku akadakia toka majini. "Kabla ya kugunduliwa lilikuwa limejificha wapi?"

Wageni wakaangua kicheko.

"Kaka, maswali ni mwisho wa safari."

"Nauliza tu. Maana nakumbuka watu wawili waliojikinga mvua humu. Mmoja alikuwa na kanga imelowa chapachapa, anatetemeka, anasema hasikii baridi."

Mwongozaji akageuza tochi upande mwingine. Uso wake ulikuwa unawaka.

Mchana wakapumzika ufukweni. Sheria ya hoteli ni moja: mwongozaji haketi na wageni. Wao walijinyoosha chini ya miavuli. Yeye alisimama kwenye bomba la kunawia miguu, jua likimchoma utosi. Akatoa simu. Akabonyeza namba aliyoifuta kila mahali isipokuwa kichwani.

Chini ya mwavuli, begi la Chiriku likalia.

"Haloo?"

"Bado una laini ile ile."

"Kila siku nawabadilishia watu laini. Yangu sijathubutu. Ungenipata wapi?"

"Sikukupigia."

"Najua. Nilikuwa nangoja."

"Miaka yote hiyo?"

"Na chaji imejaa."

Alicheka, akaziba mdomo. "Umenenepa, Chiriku."

"Na wewe bado unatembea kama umetumwa pilipili. Mbizi, unadhani nimelipa nauli kuja kuangalia popo?" Akainua kichwa kumtazama. "Shati hilo ulilivaa kwa nini?"

"Ahaa! Leo ndiyo unauliza." Sauti yake ilikuwa chini, kali. "Ukuta ulipogusa maji, ndani walibaki wageni na watumishi. Mimi si mgeni. Ningeukanyaga vipi mchanga huu? Nani angewaambia watu kwamba pale penye baa palikuwa na kisima cha bibi yangu?"

"Unawaambia?"

"Msimamizi akiwa mbali."

"Nilidhani wamekununua."

"Ulidhani. Mdomo wote ule, kuuliza kukakushinda."

Chiriku akatazama bangili mkononi mwake. "Leo na mimi nimevaa yao. Tuko sawa."

"Hatuko sawa. Mimi nilikaa."

Mawimbi yalisikika kwenye simu zote mbili.

"Nisamehe, mpenzi. Njoo ukae nami kivulini."

"Nikija, kazi sina."

"Basi nakuja mimi juani."

Akainuka, akaing'oa bangili kwa meno, akavuka mchanga na kusimama kando yake. Hawakushikana hata mikono. Mlinzi alikuwa ameshafika.

"Bangili iko wapi, mzee?"

Bangili ilikuwa kiganjani mwa Chiriku. Mwongozaji alijua: neno moja tu, *mgeni wangu ameiangusha*, na kesho angeamkia kazini kama kawaida. Akakitazama kisima kisichokuwepo.

"Huyu si mgeni," akasema. "Ni mchumba wangu. Na hapa ni kwao."

"Dada, utafukuzwa!"

"Tulishafukuzwa zamani, kaka. Wageni wangu nitawarudisha salama jioni. Wakubwa waambie hivyo."

Akavua shati la buluu, akabaki na fulana ya kuogelea, akalitundika kwenye bomba.

"Mchumba?" Chiriku akamnong'oneza. "Tangu lini?"

"Tangu ile mvua. Una swali?"

"Sina."

"Ajabu ya leo!"

Mbizi akakimbia, akajitosa baharini, maji yakamfunika. Chiriku alibaki ukingoni akihesabu kwa sauti kama zamani kila alipozama, hofu ile ile kifuani, mpaka kichwa kikaibuka mbali, ng'ambo ya pale ukuta unapoishia.