Mnara wa Mama na Barua ya Mzee Quillen

Siku za shule, Maribeth Stovall ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika nyumbani. Mama yake, Nadine, aliendesha basi la wanafunzi katika mji wa Norman, Oklahoma, kwa hiyo alirudi saa nzima baada yake. Maribeth, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alifungua mlango, akampa paka chakula, akajikaangia mkate wenye jibini, kisha akaenda kukaa mbele ya redio katika chumba kidogo kando ya jiko.

Haikuwa redio ya kusikilizia muziki. Ilikuwa redio ya kuzungumza, ya watu wa ridhaa, wale wanaofanya mtihani wa serikali na kupewa leseni ya kuongea hewani bila malipo. Mama alikuwa nayo leseni hiyo kwa miaka kumi na minne. Maribeth alipata yake mwezi Machi. Msimu wa vimbunga ulipofika, mama na wenzake walitazama mawingu na kuwapasha habari watabiri wa hali ya hewa: wapi mvua ya mawe imeanza, wapi wingu limeanza kuzunguka.

Katikati ya Aprili walisimamisha mnara wa chuma wa kubebea antena ya redio nyuma ya nyumba, urefu wa mita kumi na mbili. Josie, rafiki yake wa nyumba ya pili, aliegemea uzio akautazama.

"Nyumba yenu sasa inafanana na kituo cha umeme," alisema.

"Afadhali sisi. Yenu inafanana na banda la bata."

"Cheka tu. Baba anasema Bi. Foss akiuona huo, mmekwisha."

Maribeth aliacha kucheka. Bi. Darlene Foss alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba wa mtaa wa Pecan Ridge. Mwaka uliopita, wazazi wa Josie walilazimika kupaka upya mlango wao kwa sababu rangi ya zambarau haikuwamo katika orodha ya mtaa.

Jumanne iliyofuata, Maribeth alikuta bahasha nyeupe imechomekwa mlangoni. Kwenye kona ilikuwa na alama ya mti wa kijani, alama ya kamati. Alikumbuka maneno ya Josie. Aliingia chumbani, akaitia bahasha ile, bila kuifungua, ndani ya boksi la viatu vya magurudumu, chini kabisa ya kabati.

Alijiambia kwamba angempa mama Jumapili. Jumapili ikapita. Wiki ya pili ikapita pia, na kila siku iliyoongezeka ilifanya maneno ya kuanzia yawe magumu zaidi.

Wiki tano baadaye ikaja barua nyingine kwa posta, ya kutiwa saini. Mama aliisoma akiwa amesimama, funguo za basi bado mkononi. Kamati ilisema kwamba haikupata jibu la barua ya kwanza. Mnara ung'olewe, la sivyo shauri litapelekwa mahakamani.

"Barua ya kwanza ipi?" mama aliuliza. "Maribeth, uliona barua yoyote ya kamati?"

"Hapana."

Neno lilitoka kabla hajalifikiria. Mama aliitikia kwa kichwa, akamwamini.

Jioni hiyo mama alitoa hati ya nyumba kwenye droo, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Katika ukurasa wa tisa alisimama. Palikuwa na sharti kwamba mwenye kiwanja hatasimamisha mnara wala mlingoti bila idhini ya kamati. Chini yake ilikuwa saini yake mwenyewe.

"Nilitia saini kurasa zote hizi siku ya kununua nyumba," alisema polepole. "Sikusoma hata mmoja."

Mkutano wa kamati kuhusu mnara ulifanyika Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi wa mtaa. Watu kama ishirini walihudhuria. Mama alisimama akaeleza kazi ya redio wakati wa vimbunga, kisha akaonyesha leseni yake.

"Leseni inakupa ruhusa ya kuongea, Bi. Stovall, na hapa hakuna anayekuziba mdomo," Bi. Foss alijibu. "Hati inahusu kile kinachosimama kwenye kiwanja. Na tulikupa siku thelathini za kujibu."

"Mngenipa barua ningejibu. Sikupata kitu."

Watu wote wakamgeukia katibu. Mzee Emmett Quillen alikuwa na miaka sabini na minane, mpima ardhi mstaafu, mwenye daftari dogo mfukoni mwa shati.

"Niliichomeka mlangoni kwa mkono wangu," alisema. "Jumanne ile ya Aprili, alasiri."

"Kwa heshima zote, mzee, hukuichomeka," mama alisema. "Labda ulipeleka kwingine."

"Mwezi uliopita si alisahau hata funguo za ukumbi huu?" mtu alisema kutoka nyuma, na baadhi wakacheka.

Mzee Quillen alifungua daftari lake, akatafuta Jumanne ile asione alichoandika, akalifunga.

"Labda," alisema. "Labda nilisahau."

Bi. Foss aliahirisha shauri hadi Alhamisi iliyofuata, akaongeza kwamba pengine umefika wakati wa kutafuta katibu mwingine. Maribeth alikuwa ameketi mstari wa mbele. Hakuinua macho hata mara moja.

Jumamosi asubuhi alipita mbele ya nyumba ya mzee yule akiwa na baiskeli. Mzee Quillen alikuwa ameketi kwenye ngazi za baraza, mikono mitupu.

"Binti, hebu njoo nikuulize," alisema. "Jumanne ile nilikuona pale kwenye kona na begi lako, unatoka shule. Nami nilikuwa natoka kwenu. Ni kweli, au najitungia?"

Maribeth alijibu haraka. "Sikumbuki, mzee."

"Si kitu." Alisugua magoti yake. "Kaka yangu alianza hivihivi. Kwanza vitu vidogo, mwishowe jina la mkewe likampotea. Jumatatu nina miadi na daktari. Nimeshamwambia mwanangu aje achukue funguo za gari, nisije nikamgonga mtoto wa watu."

Maribeth hakupanda tena baiskeli. Aliisukuma mpaka nyumbani, akaingia chumbani, akatoa lile boksi. Aliichana bahasha.

Ndani hamkuwa na amri ya kung'oa kitu. Kamati iliandika kwamba hati inaruhusu maombi maalumu, na kwamba mama alete mchoro wa mnara ndani ya siku thelathini ili wajadiliane naye. Chini, kwa mwandiko wa mkono, kulikuwa na mistari miwili: "Naweza kukusaidia kuchora. Kazi hiyo niliifanya miaka arobaini. E. Quillen."

Alimkuta mama jikoni akisugua sufuria. Alimpa karatasi, akamwambia yote, pamoja na lile neno "hapana." Mama alisoma mara mbili. Hakugomba. Alikausha mikono, akavaa viatu.

"Twende," alisema. "Utamwambia wewe mwenyewe."

Mzee Quillen aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni. Maribeth alipomaliza, mzee alishika mwimo wa mlango, akaketi taratibu kwenye ngazi.

"Kwa hiyo niliileta," alisema.

"Uliileta, mzee. Niliificha mimi."

"Niliileta." Alifunika uso kwa viganja. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa kali. "Siku mbili hizi nimekuwa nikijiogopa mwenyewe. Unajua maana yake, mtoto? Nilikuwa nasimama jikoni kwangu nikijiuliza kama nimezima jiko."

Maribeth alilia. "Nisamehe, mzee."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

"Na mimi nilikuvunjia heshima mbele ya watu," mama alisema. "Kosa hilo ni langu, si la mtoto."

Alhamisi, Maribeth alisimama mbele ya ukumbi ule ule akasema alichofanya. Mama akamwomba radhi Mzee Quillen mbele ya wote. Yule aliyesema kutoka nyuma wiki iliyopita alitazama sakafu. Bi. Foss alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Mzee Quillen ataendelea kuwa katibu, na ninamwomba radhi," alisema. "Lakini siku thelathini zimepita. Nikiwafungulia ninyi mlango, nitamfungia nani? Mnara utashuka. Mkitaka, leteni maombi mapya ya kitu kidogo."

Mnara ulishuka Jumapili. Mzee Quillen alikuja wiki iliyofuata na penseli zake, akachora waya mwembamba wa antena unaopita chini ya ukingo wa paa hadi kwenye mti. Kamati ilikubali mchoro huo bila ubishi. Kimbunga cha Juni kilipokuja, mama aliweza kutoa taarifa za mji wao, lakini wenzake wa mbali, waliokuwa wakimsikia vizuri wakati wa mnara, hawakumsikia tena.

Dhoruba ilipokwisha kupita, Maribeth alikaa karibu na mama yake mbele ya redio.

"Mama, kama ningekupa ile barua, mnara ungebaki?"

"Huenda ungebaki. Hatutajua kamwe." Mama alivua vipokea sauti vya masikioni, akavilaza mezani. "Mimi nilitia saini hati bila kuisoma, nawe ukaificha barua bila kuisoma. Sote wawili tuliikimbia karatasi. Siku nyingine, karatasi inayokutisha ndiyo uisome kwanza, maana huenda ina msaada ndani. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, kosa lako litambebesha mzigo mtu asiyehusika. Mnara ni chuma tu, mwanangu. Yule mzee alikaribia kupoteza imani katika akili zake mwenyewe."