Kipimo Kilichotundikwa Ofisini

Shati la Sajini lilinuka mpira uliochomwa. Mkewe alilifua, akalianika, akalifua tena, wapi! Tangu mumewe astaafu jeshi, harufu ile ilikuwa imehamia kwao, na kikohozi juu yake.

Kikohozi cha mumewe alishakizoea. Kilichomtoa jasho ni kile cha pili, kilichokuwa kikimjibu kutoka chumba kisicho na mtu.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia. Huyo anayekohoa alikuwa shimoni, tulikochomea taka za kambi. Matairi, betri, kila uchafu. Nadhani nimerudi naye."

Hospitali ya jeshi ingemtibu, ila kwanza athibitishe kwamba alivuta sumu. Na kila askari alipewa kipimo, kikadi cha kubandika kifuani, kinachogeuka cheusi penye moshi mbaya. Lakini mkuu wa kambi, mpenda usafi kupita kiasi, akaamuru vyote vitundikwe ofisini kwake, eti visichafuke! Walipostaafu wakakabidhiwa vikiwa vyeupe pe. Hebu niambie, mtu kama huyo utamfanya nini?

Basi mke akaita mganga, naye akaja na chetezo. Alipofukiza ubani tu, moshi ukakataa kutoka dirishani, ukajikunja darini, ukashuka polepole juu ya kitanda cha Sajini, ukawa unapumua anapopumua, unakohoa anapokohoa, hadi ubani wote ukanuka matairi.

"Mama, jini huyu ni moshi mtupu," mganga alisema kwa sauti ndogo, "nami namlisha!" Akatoka mbio, viatu akaviacha mlangoni.

Mke akakibandika kile kikadi kifuani mwa mumewe. Kulipokucha kilikuwa cheusi tititi. Akakifungia kwenye mkebe, akaenda nacho ofisi ya madai ya jeshi.

Karani alikigusa kwa ncha ya kalamu. "Mama, hiki kimeingia weusi nyumbani kwako. Kazini kilikuwa cheupe. Siwezi kuandika kwamba alivuta sumu kazini."

"Kazini kilikuwa ukutani, baba! Aliyekuwa shimoni ni mume wangu!"

"Utaratibu ndio huo."

Mkebe ulikuwa wazi mezani. Karani akanusa. "Nani anachoma mpira humu ndani?" Akakohoa. Nyuma yake, ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli, kikohozi kikamjibu.

Mama akavuta kiti, akaketi.

"Andika sasa," alisema.