Namba Moja, Watu Wawili

Ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulinuka jasho, dawa ya sakafu na nepi ambayo mtu alikuwa ameiacha chini ya benchi. Chapu aliziba pua kwa ncha ya mtandio wake wa zambarau, akamsogelea shangazi yake aliyekuja kupimwa presha.

"Usikunje uso hivyo," shangazi akamnong'oneza. "Watu wanaumwa."

Kengele ikalia na sauti ya mashine ikaita namba sabini na nane. Shangazi akainuka. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu akainuka pia.

"Sabini na nane ni mimi, mama."

"Soma vizuri, baba. Ni mimi."

Wakaoneshana karatasi. Zote mbili zilikuwa sabini na nane. Mzee akaanza kufoka huku akikohoa, na mate yakamrukia shangazi begani.

Muuguzi mmoja wa kiume akatoka mbio dirishani. Alikuwa mrefu, na sare yake ya buluu ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Jamani, tena! Kila siku mashine hii inazaa mapacha. Ningempata aliyeiandika programu hii ningemkalisha kwenye benchi hili kutwa nzima, avute hewa hii hii!"

Chapu akashusha macho. Programu ile ilitengenezwa na kampuni aliyofanyia kazi, na sehemu ya kutoa namba aliiandika yeye mwenyewe. Kazini walimpa jina la Chapu kwa jinsi alivyoandika haraka, na jina likamfuata hata nje.

"Labda alikosea tu," akasema kwa sauti ndogo.

"Dada, mtu akikosea anarekebisha. Huyu ni mchafu wa kazi." Kisha akamtazama vizuri na sauti ikalainika. "Samahani, nimekufokea bure. Wewe unafanya kazi gani?"

"Ya ofisini. Nachapa chapa tu."

Muuguzi akamshika shangazi mkono na kumpeleka mwenyewe chumba cha vipimo. Aliporudi akatoa simu mfukoni. "Naomba namba yako."

"Namba? Si umesema za hapa haziaminiki?"

Akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Akapewa.

Mapenzi yakaanza hivyo, na mengi yakapita kwenye simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nile vipi? Bosi wangu anamenya mayai ya kuchemsha mezani kwangu, halafu anagusa kioo cha kompyuta yangu kwa vidole vile vile."

"Lo! Kifute kwa spiriti, laazizi. Mimi leo mapacha tele. Mama mmoja amenitemea mate. Mate kabisa, usoni!"

Chapu alijisikia kama mtu aliyemeza unywele. Kila alipofungua mdomo amwambie ukweli, aibu ikamzuia. Akaona heri airekebishe kwanza programu, ndipo aseme.

Shida ni kwamba hakujua kosa liko wapi. Alipoijaribu ofisini ilitoa namba safi, moja baada ya nyingine. Akaanza kusoma kitu ambacho miaka yote alikikwepa: programu yenye nyuzi nyingi, ambamo kila uzi ni kazi inayokwenda kivyake bila kungoja mwenzake. Pale hospitali kila dirisha, ambapo muuguzi alibonyeza kitufe kumtolea mgonjwa namba, lilikuwa na uzi wake. Alisoma akiwa na chai iliyopoa, akaandika mifano midogo, akaifuta, akaandika tena. Mpaka siku moja akaziachia nyuzi mbili kwa pamoja, tena na tena, na kosa likajitokeza mbele ya macho yake. Nyuzi mbili zilisoma sabini na saba kwa wakati mmoja, kila moja ikaongeza moja, na kila moja ikatoa sabini na nane.

"Ptu!" akasema peke yake. Kazi yake mwenyewe ilimtia kinyaa. Jambo dogo hivi, na watu wametemeana mate kwa ajili yake.

Akaweka makufuli mawili, moja kwenye namba na jingine kwenye kioo cha ukutani kinachoonesha namba inayoitwa, ili uzi mmoja ukishika, mwingine usubiri. Mapacha wakaisha, lakini likaja balaa jipya. Mara nyingine uzi mmoja ulishika kufuli la namba ukisubiri la kioo, na mwenzake umeshika la kioo ukisubiri la namba. Hapo kila kitu kiliganda.

"Inatosha," bosi akasema huku akilamba kidole. "Tuipeleke."

"Bado, bosi. Ikibanwa na watu inaganda. Nipe muda."

"Woga tu huo."

Akaipeleka bila kumwambia. Asubuhi iliyofuata mashine iliganda na ukumbi umefurika. Watu wakasukumana na mzee mmoja akaanguka akapasuka paji la uso. Hospitali ikairudisha programu ya zamani na kuuliza nani mwenye kosa.

Alasiri simu ya Chapu ikaita.

"Hivi ni wewe?"

"Ni mimi nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Bosi wako amesimama mbele ya matroni akasema mtaalamu wao, dada mmoja anaitwa Chapu, amethibitisha kwamba mimi nabonyeza kitufe mara mbili mbili, ndiyo maana mashine inaharibika. Nimesimamishwa kazi."

"Sijasema hivyo! Haki ya Mungu sijasema!"

"Lakini programu ni yako?"

Chapu akafumba macho. "Ni yangu."

"Na siku zote nikikusimulia nilivyotemewa mate, ulikuwa unanisikiliza tu?"

"Nilikuwa naona aibu."

"Basi mimi naona kinyaa," akasema, na simu ikakatika.

Chapu akamfuata bosi ofisini kwake. Alimkuta akichokoa meno kwa ncha ya kitambulisho chake.

"Kwa nini umemsingizia yule muuguzi, tena kwa jina langu?"

"Muuguzi mmoja tu! Ungetaka tupoteze mteja?" Akakitazama alichokitoa kwenye jino, kisha akakila.

Chapu akakimbilia chooni na kutapika. Akanawa uso, akanyoosha gauni lake la kazini na kwenda moja kwa moja hospitali.

Matroni, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alimpokea amesimama. "Wewe ndiye unayesema wauguzi wangu hawajui kubonyeza?"

"Mimi ndiye niliyeiandika vibaya, mama. Wauguzi wako hawana kosa. Nipe watu wawili na madirisha mawili nikuoneshe."

Wauguzi wawili wakakaa. Chapu akasema, "Sasa!" Wakabonyeza pamoja, na namba zikatoka tofauti. Wakarudia, zikatoka tofauti tena. Mgonjwa mmoja akacheka. Chapu akageuka na kumwona Muuguzi mlangoni, amevaa shati la nyumbani, mkononi ana mfuko wa vitu vyake alivyokuja kuchukua. Alimtazama bila kutabasamu.

"Binti, nina kazi," matroni akasema.

"Tafadhali, mama. Halitokei kila mara. Ndiyo maana hata mimi lilinipita. Sasa! Tena, sasa!"

Walibonyeza mpaka vidole vikachoka. Kisha karatasi mbili zikatoka. Matroni akazisogeza karibu na miwani. Zilikuwa na namba moja.

"Kila mmoja amebonyeza mara moja," akasema polepole. "Nimeona kwa macho yangu." Akamtazama Muuguzi. "Kesho uje na sare."

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, akaondoka bila kumsemesha Chapu.

Bosi hakuthubutu kumfukuza, maana hospitali ilisema programu isiguswe na mtu mwingine. Chapu akaondoa kufuli moja, akazipanga nyuzi zote zipite kwenye lile lililobaki, akaibana mashine kwa kila namna mpaka akaridhika. Siku ilipokubali kufanya kazi bila mapacha wala kuganda, akaaga na kuacha kazi. Bosi akampa mkono, na yeye hakuupokea.

Alimpigia Muuguzi mara nyingi bila kupokelewa, kisha akaacha. Akapata kazi kwingine. Jumamosi moja alikuwa nyumbani na shangazi yake wakikunja nguo, mlango ukagongwa.

Alikuwa Muuguzi. Kuanzia kifuani mpaka viatuni alikuwa amelowa kitu cha manjano, na harufu ikaingia ndani kabla yake.

"Toba!" shangazi akajifunika uso kwa shuka.

"Nimetapikiwa getini, nikitoka zamu," akasema. "Nikasema nikirudi kubadilisha nguo, nitakosa ujasiri."

"Ujasiri wa nini?" Chapu akauliza huku ameziba pua.

"Wa kukuomba msamaha. Ulisimama mbele ya watu wote ukajitaja, na mimi nikaondoka kama bubu. Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Nataka nikuoe. Ila usinifiche kitu tena."

"Na wewe usinikatie simu tena."

"Sikati."

"Bado unanuka."

"Najua. Lakini nijibu."

"Kaoge kwanza!"

Shangazi akamrushia taulo, akamwonesha bafu kwa kidole, akiwa mbali naye. Maji yakaanza kumwagika. Chapu akabaki katikati ya sebule, akacheka, akalia, akajifuta. Kisha akaenda kwenye mlango wa bafu.

"Ndiyo!" akapaza sauti.

Maji yakakatika. "Umesema nini?"

"Nimesema ndiyo. Haya, endelea kuoga, tena kwa sabuni!"