Karemu ya Zinki

IJUMAA, SAA TISA ALASIRI

Harelimana alichora kwa chaki sakafuni. Mstari mmoja ulikuwa barabara. Kisanduku kilikuwa karakana ya Mama Olive. Msalaba ulikuwa dirisha.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha dipo ya Evariste, katika mtaa wa Birere, ambako betri za magari zimepangwa mpaka darini na harufu ya asidi inakwangua koo. Wivine alisimama mlangoni. Hakutaka kukaa. Mtu akikaa kikaoni amekuwa mwenzao, na yeye bado alikuwa anajidanganya kwamba hayumo.

Alikuwemo, tena mpaka shingoni. Kwa miaka mitatu alifanya kazi kwa Olive, akipaka uji wa zinki kwenye vibao na kutandaza udongo laini juu ya kitambaa kinachotenganisha kibao na kibao. Alijua dirisha lipi halifungi vizuri. Harelimana alijua kwamba anajua. Na Harelimana alikuwa na Janvier.

Janvier alikuwa mdogo wake Wivine, ndugu pekee aliyebaki naye tangu walipokimbia Masisi. Wivine ndiye aliyemnunulia chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, asukume viazi na makaa apate chakula cha halali. Chukudu hiyo hiyo ikamfikisha kwa Harelimana. Janvier alikwisha kubeba mzigo wa wizi mara mbili. Harelimana akamwambia dada mtu, kwa upole wa padri, kwamba kijana aliyeona mengi ama anasonga mbele na wenzake ama anabaki njiani. Hakufafanua.

Mali yenyewe ilikuwa betri sita za zinki, kila moja kama tofali. Zinki ni rahisi na haishiki moto, lakini ina tabia mbaya: ukiichaji kwa pupa inaota miba. Mwiba mmoja ukitoboa kitambaa, kwisha habari. Wasomi wengi wamekwama hapo. Betri sita za Olive zilikuwa zimejazwa na kumwagwa zaidi ya mara elfu mbili, na bado zilikuwa hai. Mezani, kila moja ilikuwa na kioo kidogo kilichohesabu maisha yake, yaani imejazwa mara ngapi.

Mfanyabiashara mmoja, Jean-de-Dieu, mwenye jeep nyeupe na marafiki kwenye kila kizuizi, alizitaka hivyo hivyo, zikiwa hai. Angewaonyesha matajiri fulani na kusema ni kazi yake. Betri mpya hazikumfaa, maana betri mpya hata mwongo anazo.

Evariste aliuliza kwa nini kesho. Harelimana akajibu kwamba kesho ni salongo. Kila Jumamosi asubuhi mji mzima unatoka kufagia na kuzibua mitaro. Maduka yanafungwa, pikipiki hazitembei, na chukudu iliyojaa matope inapita popote kama ya serikali.

"Na kesho njo karemu," Wivine akasema, macho chini.

Mteja aligonga mbele ya dipo, Evariste akatoka kumsikiliza. Hapo ndipo Wivine alipoeleza, na laiti angesubiri. Karemu ni kipindi cha kufunga kabla ya Pasaka. Karakana nzima ya Olive ni Wakatoliki, na jina walilitoa kanisani. Kila baada ya wiki kadhaa betri zinafungishwa: zinachomolewa waya na kumwagwa umeme wote, tone la mwisho, ili miba iliyoanza kuchipua iyeyuke. Zinashinda hivyo siku nzima, tupu, mezani kando ya dirisha. Siku nyingine yoyote ukizigusa, simu ya Olive inalia. Siku ya karemu hailii. Kisha zinafunguliwa polepole, kwa waya mwembamba, mpaka kesho yake, kama unavyomnywesha uji mtu aliyekaa na njaa.

"Zitatoka tupu," Wivine akamwambia Harelimana. "Muziache tupu. Mutu asizichaji. Umwambie na Papa Evariste."

"Nitamwambia."

Likabaki jambo la rehani. Ilikuwa desturi ya Jean-de-Dieu: tangu mali ichukuliwe mpaka taa ya majaribio iwake mbele yake, mtu mmoja wa genge anakaa ndani ya jeep. Taa ikiwaka, mtu anashuka. Harelimana alimnyooshea Janvier kidole.

"Nikae miye," Wivine akasema.

"Weye utakuwa kwa salongo. Ukikosekana, batajua ni weye."

Alisema kweli. Janvier alicheka kidogo, akamwambia dada yake aache kuhangaika. Kukaa ndani ya jeep ya watu ni kazi nyepesi kuliko kusukuma viazi.

JUMAMOSI, SAA MOJA NA NUSU ASUBUHI

Mtaa ulijaa majembe. Chifu wa nyumba kumi alipita akihakikisha kila mlango umetoa mtu. Mlinzi wa karakana, mzee Paulin, alikuwa ndani ya mtaro mpaka magotini. Olive mwenyewe alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, akikwangua matope yaliyoshikamana na mawe meusi ya volkano.

Wivine aliomba ruhusa ya kwenda kuchukua koleo ndani. Alipita mezani. Vioo sita vilikuwa vimezimwa. Alizipokeza betri dirishani moja moja, na upande wa pili mikono ya Harelimana ikazipokea na kuzilaza chini ya gunia kwenye chukudu ya Janvier. Haikuchukua muda. Wizi unaokufunga maisha mara nyingi haumalizi hata muda wa kuchambua mchele.

Alitoka na koleo. Janvier alikuwa ameanza kusukuma. Ndipo Olive akamwita.

"We kijana, simama."

Janvier akasimama. Wivine naye akasimama na koleo lake. Olive alikaribia chukudu, akaitazama, akasema ni aibu kwenda nusu tupu wakati mtaro umejaa. Akachota koleo la matope, akalimwaga juu ya gunia. Akachota la pili. Mwenye mali aliifukia mali yake kwa mikono yake, na akamshukuru mwizi kwa kujitolea.

"Mungu akubariki," akamwambia.

"Merci, Mama," Janvier akajibu, akateremka na mzigo wake kuelekea Birere.

SAA TATU ASUBUHI

Jeep nyeupe ilipita. Salongo haiwazuii wakubwa. Janvier alikuwa kiti cha nyuma kati ya wanaume wawili wapana, mikono bado ina matope. Alimwona dada yake akiwa na koleo. Hakupunga mkono, ila aliinua kidevu, kama mtu anayekwenda sokoni na atarudi. Jeep ikashika barabara ya Sake.

Wivine aliendelea kuzoa. Wenzake walimtania kwamba leo anafanya kazi kama anayetafuta dhahabu. Alicheka nao. Aliona kicheko chake kinanuka.

SAA TANO ASUBUHI

Filimbi ya kumaliza ilipolia, alikwenda Birere kwa miguu, akijizuia kukimbia. Harelimana alikuwa mlangoni akivuta sigara. Ndani, Evariste alimpokea kwa furaha ya fundi aliyeokoa kitu.

Na hapa msimwone Evariste mjinga. Mtu huyu alikuwa na jina zuri Birere nzima. Ukimletea betri ya gari iliyokufa, hailali tupu kwake; asubuhi unaikuta imejaa. Kwa betri ya gari, tupu ni kifo: ukiiacha hivyo siku mbili, haifufuki tena. Miaka ishirini mikono yake ilijua hilo. Walipomletea betri sita, akaweka kipimo, akakuta hazina hata chembe, alifanya kile ambacho fundi mwaminifu yeyote wa Birere angefanya.

"Zilinifikia zimekufa, Mama Wivine," akasema. "Zero kabisa. Siwezi patia mutu batri tupu, miye. Nimeziweka kwa shajere ya kamio, zimejaa mbio."

Wivine alimpita, akainama. Aliweka kiganja juu ya betri ya kwanza. Moto. Ya pili, moto. Ya tatu ilikuwa imevimba ubavu. Shajere ya lori, ile inayoamsha Fuso, ndiyo iliyofungulisha zinki iliyokuwa na njaa. Alijua kinachotokea ndani kama mtu anayejua chumba chake gizani: miba ilikuwa imeota yote kwa pamoja, mirefu, na udongo alioupaka kwa vidole vyake ulikuwa umetobolewa.

"Nani alikuambia uzichaji?"

"Hakuna mutu aliniambia nisizichaji."

Wote wawili wakamtazama Harelimana. Harelimana alizima sigara kwa kiatu. Akasema alisahau. Kisha akasema batri ni batri. Alipoelezwa zimeumia vipi, aliuliza swali moja tu: zitawasha taa?

"Zitawaka kidogo," Wivine akasema. "Halafu zitaisha."

"Kidogo inatosha. Mwenye kuona taa, anaona taa."

Evariste alikaa juu ya betri ya lori, akashika kichwa. Alielewa polepole ni nani aliye ndani ya jeep, na kwa nini. Hakwenda nao. Alirudia tu kwamba angeambiwa, angeziacha.

SAA SITA NA NUSU MCHANA

Lac Vert, ziwa dogo kando ya barabara ya Sake. Jeep ilikuwa kivulini, milango wazi. Janvier alikuwa palepale katikati, akila embe walilompa. Aliona betri zinashushwa kwenye pikipiki mbili, akatabasamu.

Jean-de-Dieu hakuwa na haraka. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, mwenye leso safi. Kijana wake aliunganisha betri zote sita kwa waya, akafunga taa kubwa ya gari juu ya jiwe. Taa ikawaka. Ilikuwa nyeupe, kali, nzuri. Harelimana akapumua.

"Iko muzuri," Jean-de-Dieu akasema.

"Basi dogo ashuke," Wivine akasema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Mama, haraka ya nini? Taa yenye inawaka, iwake. Nile kwanza."

Akafunguliwa sahani ya mchuzi wa samaki na fufu. Akanawa mikono na kuanza kula akiitazama taa. Wivine naye aliitazama. Alikuwa ameomba mengi maishani, kuhusu vita, kuhusu mama yao, lakini hakuwahi kuomba kitu kama alivyoiomba taa ile. Shikilia. Shikilia mpaka anawe. Ulikuwa ujinga, na aliujua. Zinki haisikii sala, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye angeweza kujisingizia kwamba hajui.

Harelimana alisema anakwenda kununua sigara pale barabarani. Wivine alimgeukia. Macho yao yalikutana, na Harelimana akayaondoa ya kwake kwanza. Pikipiki iliwaka, ikapanda mpaka barabarani. Haikusimama kwenye kibanda cha sigara. Mlio wake ulielekea Sake, ukapungua, ukaisha. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini Harelimana siku zote alijua kuondoka kabla ya chakula.

Taa ikawa ya njano.

Jean-de-Dieu aliacha kutafuna. Taa ikawa nyekundu, waya tu ndani ya kioo. Ikazimika. Betri iliyovimba ikatoa sauti ndogo, kama chungu kinachopasuka jikoni.

Jean-de-Dieu alinawa, akajifuta kwa leso, akauliza mwenye pikipiki amekwenda wapi. Wivine alimweleza yote: karemu, shajere ya lori, miba. Alipiga magoti kwenye mawe. Akamwambia amchukue yeye. Yeye ndiye anayejua kuzitengeneza.

"Kutengeneza, nasikia batu bengi banajua," Jean-de-Dieu akasema. "Miye nilitaka zenye ziliishi. Uniletee zingine zenye ziliishi kama hizi, utamupata ndugu yako."

Milango ya jeep ilifungwa. Janvier bado alikuwa ameshika kokwa la embe, hajui alitupe wapi.

"Dada?" akasema.

Aliuliza hilo tu. Wivine aliikimbilia jeep mpaka barabarani, akaigonga ubavu kwa viganja, kisha haikuwepo tena.

SAA TISA ALASIRI

Olive alikuwa peke yake karakanani, amesimama mbele ya vioo sita vilivyozimwa. Alikuwa amekwisha kuita polisi. Wivine aliingia na magoti yenye damu, akasema bila kuvuta pumzi. Dirisha. Gunia. Matope. Janvier. Alisema mpaka maneno yakamwishia.

Olive hakumtukana. Pengine ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kiti, akatazama mikono yake iliyochota yale matope.

"Yule kijana njo ndugu yako," akasema.

"Ndiyo, Mama. Unipatie zingine. Nitakutumikia mpaka nife."

Olive alisimama, akamwongoza mpaka meza ya nyuma. Zilikuwepo betri nyingine sita, zimeundwa Alhamisi hii, kitambaa chake kimetandazwa udongo na Wivine mwenyewe. Olive akamwambia, taratibu, kwamba hizi ni bora kuliko zile: udongo umekuwa laini zaidi, uji wa zinki umeshikana vizuri, zitaishi muda mrefu kupita zote.

"Lakini hazijaishi bado," akasema. "Ningekuwa na siri, ningekupa. Siri haiko. Zile zilikuwa na miaka tu."

"Tukizijaza na kuzimwaga mbio?"

Wivine aliona aibu kwa kuuliza. Nje, gari lilisimama langoni, na mzee Paulin akasikika akiwaambia polisi wapite. Wivine hakukimbia. Hakukuwa na upande wa kukimbilia ambako Janvier alikuwako.

Alivaa glavu zake. Akachukua betri moja mpya, akaiunganisha kwa waya mwembamba jinsi alivyofundishwa, kidogo kidogo. Kioo kikawaka. Polisi walipoingia walimkuta anakitazama. Kiliandika moja.