Kindness na Mkungu wa Mnadani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kindness humkatia ng'ombe majani ya migomba. Mama yake, Martha, hukamua. Wote wawili huongea na ng'ombe zaidi kuliko wanavyoongea wao kwa wao, maana asubuhi ya Kirua Vunjo, juu ya mlima Kilimanjaro, ni baridi, na midomo hukawia kuchangamka.

Kindness ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari ya kata. Anaipenda kazi yake. Lakini lipo jambo linalomuumiza. Watoto wa kidato cha kwanza hutoka shule ya msingi, ambako walisoma kwa Kiswahili. Sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza. Violet alikuwa mmoja wao. Kwa Kiswahili, Violet alifafanua hesabu mpaka wenzake wakaelewa. Akiulizwa kwa Kiingereza, aliinamisha kichwa na kukwaruza dawati kwa ukucha.

"Namfundisha kama nilivyofundishwa mimi," Kindness alimwambia mama yake. "Anakariri, anasahau. Lazima iwepo njia nyingine, na mimi siijui."

Ndiyo maana aliomba kwenda kusoma shahada ya uzamili, ile ambayo watu huiita masta. Mkuu wa shule akamjibu kuwa zamu yake ya kwenda masomoni imefika. Ila alitakiwa ataje kozi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nafasi kama hiyo hairudi upesi. Akikosea, miaka yake ya masomo itapotea, na Violet atabaki na dawati lake. Na Kindness hakujua ataje kozi gani.

Desemba ikafika. Ndugu wakapanda mlima kutoka kila pembe ya nchi. Baba mdogo Ebenezeri alitoka Dar es Salaam. Tangu baba yake Kindness afariki, yeye ndiye aliyesimama mahali pake na kumsomesha. Neno lake nyumbani lilikuwa zito.

Jumapili, baada ya ibada, washarika walikusanyika nje ya kanisa kwa mnada wa sadaka. Palikuwa na kuku, mayai, miwa na kahawa. Mzee Yakobo, aliyekuwa akinadi, aliinua mkungu mnene wa ndizi mbichi.

"Nani anautaka? Wewe Mangi wa Dar, mbona mikono mfukoni? Joto la huko limekausha pochi?"

Watu wakacheka kumsikia Ebenezeri akiitwa Mangi, yaani chifu. Ebenezeri akanyoosha mkono, akapandisha dau mpaka wote wakamwachia. Kisha akapaza sauti.

"Mkungu huu ni wa mwanangu Kindness! Anakwenda kusoma masta ya uongozi wa elimu. Akirudi ni mkuu wa shule! Leo tunakula mtori wa pongezi!"

Vigelegele vikapigwa. Kindness alishikwa mikono, akapigwapigwa mabega. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Neno hilo yeye hakuwa amelisema kwa mtu yeyote.

Nyumbani, Martha, aliyetaka kupika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, aliugeuza ule mkungu, akaweka kisu chini.

"Shemeji, hii ni kisukari."

"Si ndizi?"

"Ndizi ya kuivisha na kula. Mtori ni wa mshare, ndizi ya kupika. Maee! Dar imekusahaulisha hata kwenu?"

"Niliona mnene, nikadhani…"

"Ni mkungu mzuri sana. Ila si wa mtori."

Mlangoni mtu akacheka. Alikuwa Theopista, jirani yao. Alizaliwa Kibosho, akaolewa Kirua, na hufundisha walimu katika chuo kimoja mjini Moshi.

"Mshare ninao, nitawaletea," alisema. "Nimekuja kumpa hongera mkuu wetu."

Kindness alimshika mkono, akamvuta mpaka kwenye mibuni.

"Dada, usinipe hongera. Sijachagua chochote. Nimechaguliwa."

Theopista hakumwambia achague nini. Alimuuliza, "Siku ya kwanza ukirudi, unataka uwe umesimama wapi?"

"Mbele ya kina Violet."

"Uwafanyie nini usichokiweza leo?"

"Wafungue midomo."

"Basi anzia hapo. Wengi huanzia kwenye jina la kozi, au humfuata rafiki. Uongozi wa elimu hufundisha kuendesha shule. Ni kazi njema kwa anayeitaka. Isimu hukuonyesha lugha imejengwaje, sauti zake na sentensi zake. Fasihi ni riwaya, ushairi, tamthiliya."

"Na mimi?"

"Ziko kozi za ufundishaji wa lugha. Hizo huuliza, mtoto hujifunzaje lugha isiyo ya nyumbani? Mwalimu afanye nini ili mtoto aseme? Ampimeje bila kumtisha? Lakini usiamini jina tu. Kozi mbili huweza kuwa na jina moja na matumbo tofauti."

Wakafungua simu, wakasoma masomo ya kozi moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa nadharia tupu. Nyingine ilikuwa na mafunzo ya darasani, na mwanafunzi angeweza kufanya utafiti katika shule yake mwenyewe. Wakahakikisha chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na kwamba shahada ya kwanza ya Kindness inakubalika.

"Sasa mtafute aliyemaliza pale," Theopista alisema. "Tangazo halitakwambia kama wahadhiri wanaonekana. Na umuulize mwajiri wako kama ataikubali kozi hii, kabla hujaondoka."

"Lakini watu wameshapiga vigelegele, dada."

"Vigelegele havitakaa darasani. Utakaa wewe."

Jioni, Kindness alimsogelea baba yake mdogo.

"Baba mdogo, naomba kusema nawe. Sitaki kusoma uongozi. Nataka kusoma ufundishaji wa lugha."

Ebenezeri alikunja uso. "Unaniaibisha mbele ya usharika wote?"

"Siwezi kukuaibisha, baba. Wewe ndiye uliyenifikisha hapa." Akamweleza habari za Violet, kichwa chini, ukucha kwenye dawati. "Nikiwa mkuu, nitamwona tu akija kumwagilia maua ya ofisini. Hiyo haitamfanya aseme."

Ebenezeri aliketi mezani. Martha akaweka bakuli la mtori mbele yake. Akanywa kidogo. Akanywa tena.

"Huu ndio mtori," alisema.

"Ni mshare wa Theopista," Martha akajibu.

Ebenezeri aliutazama ule mkungu wake pale kwenye kona. Akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Basi, basi. Nimeelewa. Mkungu nilikosea, na kozi pia. Msinipige mara mbili."

Kindness alikwenda, akasoma, akarudi. Utafiti wake aliufanya katika shule yake. Siku hizi hamrukii mtoto kwa swali. Kwanza huwaacha wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili. Halafu huwapa ubaoni maneno machache ya Kiingereza ya kushikilia. Ndipo husema, "Sasa tuambieni." Na hakuna ruhusa ya kumcheka anayekosea.

Violet, akiwa kidato cha nne, alisimama mbele ya kidato cha kwanza akawafafanulia hesabu kwa Kiingereza. Alikosea hapa na pale. Alijirekebisha, akaendelea. Kindness alikuwa nyuma ya darasa, ameshika chaki asiyoitumia.

Desemba ya mwaka huo, nje ya kanisa, Mzee Yakobo aliinua mkungu. Mkono wa Ebenezeri ulipanda, ukaishia njiani.

"Mzee Yakobo, kwanza niambie. Wa kupika, au wa kuivisha?"

Kanisa zima likaangua kicheko.

"Wa kupika, Mangi. Mshare mtupu!"

"Haya," Ebenezeri akasema, akanyoosha mkono mpaka juu. "Huo ni wa mwalimu."